Haki ya Kufungua

Ukitaka kupigiwa Windows mjini Mtwara huhitaji kwenda mbali. Kata ya Chikongola, sawa na Majengo na Magomeni, ina mafundi simu na steshenari zake. Asubuhi unamwachia fundi laptop na shilingi elfu kumi hivi, jioni unaikuta tayari: Windows imo, Word na Excel zimo, na programu ya kuchezea video imo. Kwa bei halali, mzigo huo ungemla mwalimu wa shule ya msingi sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwezi. Kibandani bei hiyo haitajwi kabisa. Fundi analipwa kwa muda na ujuzi wake, na programu zinatoka kwenye flashi yake.

Naanza na hili kwa sababu uhuru wa programu mara nyingi huletwa kwetu kama habari ya kuokoa pesa. Tunaambiwa kuna mfumo uitwao Linux, kuna LibreOffice inayofanya kazi ya Word, na vyote havina malipo. Mtu wa Chikongola husikiliza kwa adabu kisha anaendelea na shughuli zake, maana na yeye hajawahi kulipia Word. Bei tuliikwepa zamani. Tulichoshindwa kukikwepa ni amri ya mwenye programu, na kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli, kwa jinsi tulivyoizoea, imetufanya tusiione amri hiyo.

Lakini amri hiyo inaonekana mahali pa kawaida kabisa. Windows ya kreki huwekwa ikiwa imezimiwa masasisho, kwa hofu kwamba yakiingia yataigundua. Antivirusi nayo huzimwa, kwa kuwa inaitambua kreki kama kirusi, na mara nyingine ni kirusi kweli. Mashine inabaki wazi. Mwanachuo anakuja steshenari na flashi yenye utafiti wake wa mwaka wa mwisho, anaichomeka, anaprinti kurasa zake, na akifika bweni anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati zisizofunguka. Dada wa steshenari analaumiwa. Hakufanya kosa lolote, na hana njia ya kujua kosa liko wapi, kwa sababu ndani ya mashine anayoifanyia kazi kutwa hakuna hata sehemu moja aliyoruhusiwa kuichungulia. Mwenye Windows alifunga. Aliyevunja kufuli akaingiza vyake humo humo. Dada amebaki kuzitumikia siri za watu wawili asiowajua.

Nilimuuliza fundi mmoja kijana kwa nini hawawapigii wateja Linux, ambayo haihitaji kuvunjwa. "Njomba," akaniambia, "mteja akiona haifanani na ya ofisini kwao anairudisha, na pesa yake anaitaka." Jibu lake ni la haki. Fundi anaishi kwa mteja anayeondoka ameridhika siku ile ile. Ila mteja naye hakuchagua. Aliikuta Windows ofisini, ofisi iliikuta kwenye kompyuta zilizoletwa na zabuni au na mfadhili, na aliyeandika zabuni aliandika alichokizoea. Uamuzi umepita mikono mingi bila mtu hata mmoja kuketi akaamua.

Wapo waliowahi kuketi wakaamua. Mwaka 1980 maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa mpya ya leza kutoka kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama. Richard Stallman, mwanaprogramu wa pale, aliwahi kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama, na alitaka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya. Akakuta programu imekuja bila msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo mwanaprogramu huyaandika na mwenzake akaweza kuyasoma na kuyasahihisha. Alimwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, akakataliwa, kwa kuwa mtafiti yule alishatia saini ya kutunza siri. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na kutokana na mradi huo zikaja haki ambazo hadi leo ndizo kipimo cha programu huru: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia ile uliyoiboresha. Kisa chote kilianzia kwenye karatasi iliyokwama. Mwenye steshenari yeyote wa Mtwara anaielewa hasira ile bila kufafanuliwa.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa Linux, na muda si mrefu akaiweka chini ya leseni ya GNU. Linux hiyo ndiyo kiini cha Android. Kwa hiyo karibu kila Tecno, itel, Infinix na Samsung inayochajiwa Chikongola usiku huu inaendeshwa na kazi ya watu waliotaka mtumiaji awe na haki ya kuifungua. Mara nyingi mtumiaji hana haki hiyo. Leseni inamtaka mtengenezaji atoe msimbo wa kiini, na wapo wanaoutoa. Lakini simu nyingi zimefungwa kwa funguo za mtengenezaji tangu zinapowaka, na zikikutana na toleo ulilolirekebisha wewe zinalikataa. Unaweza kusoma usichoweza kukitumia.

Hapo ndipo fundi simu anapopata kazi. Mafundi wetu wanafungua patani iliyosahaulika, wanaflashi simu iliyoganda kwenye nembo, wanaondoa loki ya akaunti ya Google kwa mama aliyenunua simu ya mtumba. Ujuzi wao ni mkubwa kuliko heshima wanayopewa. Wanajifunza kwa video, kwa kuulizana, kwa faili wanazotumiana kwa WhatsApp, na kwa kuharibu. Ukiketi kibandani utaona kwamba wanajua tabia za simu kuliko muuzaji wake. Lakini kila wanachokifanya wanakifanya kwa mlango wa nyuma. Njia inayofanya kazi leo inazibwa kwa sasisho la mwezi ujao, na fundi anaanza upya, kwa kifaa kipya cha kununua, kwa faili jipya kutoka kwa mtu asiyemjua. Kijana mwenye kipaji kile angeweza kuwa anaandika programu. Siku zake zinaishia kwenye kuvunja.

Simu ya mkopo imeliweka suala hili wazi kuliko kitu kingine chochote. Biashara yenyewe ina historia inayoeleweka. Kampuni ya M-KOPA ilianza Nairobi mwaka 2012 kwa kuuza mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo kwa pesa za simu. Ambaye hakulipa, mtambo ulizimwa kwa mbali, na alipolipa ukawaka tena. Mtindo huo ukahamia kwenye simu, na kampuni nyingine nyingi zikaufuata kote Afrika Mashariki. Unatoa kianzio, unachukua simu, unapeleka marejesho ya kila siku au kila wiki. Ukichelewa, kioo kinabaki na ujumbe wa deni na maelekezo ya kulipa. Programu inayofunga imekaa ndani ya mfumo. Kuirudisha simu upya hakuiondoi.

Siidharau biashara hii. Dereva wa bodaboda asiye na hati ya nyumba wala mdhamini amepata simu inayompa wateja, na benki isingemsikiliza. Deni ni deni, na mkopaji alikubali. Ninachokililia ni kwamba hakuonyeshwa alichokikubali. Je, programu ile inaona majina kwenye simu yake? Inajua alipo? Deni likiisha inaondoka, au inalala tu? Anayeweza kujibu ni kampuni peke yake, na mkopaji hana njia ya kulipima jibu lake. Kwa upande wa programu za mikopo ya mtandaoni tumeshaona matokeo. Watu walibonyeza kukubali, programu ikachukua orodha yao yote ya namba, na siku ya kuchelewa jumbe za aibu zikaenda kwa mashemeji, kwa mabosi, kwa sheikh na kwa mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Lakini sheria inafika baada ya tukio. Programu ambayo msimbo wake unasomeka ingeweza kukaguliwa kabla hata mtu mmoja hajaipakua.

Mei 2024 kusini tulipata somo la namna nyingine. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, na tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi ikabaki na mtandao wa kusuasua. Steshenari zilizokuwa na nyaraka zao ndani ya mashine ziliendelea kuchapa. Waliohifadhi kila kitu mtandaoni, au waliotumia programu zinazoomba kuthibitishwa kwenye seva ya mbali kabla ya kufunguka, walikaa wakisubiri. Hakuna aliyewakosea. Programu zao zilijengwa kwa watu ambao mtandao kwao haukatiki.

Kompyuta nyingine tunazozitegemea hata hatuziiti kompyuta. Mita ya umeme ya LUKU ni mojawapo. Mita zinazofuata kanuni ya kimataifa ya STS zilikuwa zikipanga tokeni kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO ilitutaka tuingize kwanza tokeni mbili za ziada, zenye tarakimu 20 kila moja, ndipo tuingize ya umeme. Wengi walinung'unika bila kujua sababu. Mimi naliona zoezi lile kama mfano wa mambo yanavyopaswa kwenda: kanuni ya STS imeandikwa na kuchapishwa, watengenezaji wengi wanaifuata, kwa hiyo tarehe ya mwisho ilijulikana miaka mingi mapema na nchi zikapata muda wa kujiandaa. Ingekuwa ni siri ya kampuni moja, tungeijua siku umeme ulipogoma.

Nimezunguka ili nifike kwenye korosho, maana Mtwara huwezi kuzungumzia nani anaamini kipimo cha nani bila kuitaja. Chikongola ni kata ya mjini, lakini nyumba nyingi zina mikorosho yao Nanyamba, Tandahimba, Newala au Mtwara Vijijini, na ada za shule hulipwa kwa korosho. Kumbukumbu ya kupunjwa ni ndefu. Kangomba, ule ununuzi wa chinichini wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi, umewanyonya wakulima miaka na miaka, hasa miezi ya njaa kabla ya msimu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ulikuja pamoja na mambo mengine kuukomesha: mkulima anapima kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada, malipo yanapita benki.

Katika mfumo huo mizani ina mlinzi wake. Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, huikagua mizani, huiwekea alama, na kuitumia mizani isiyokaguliwa ni kosa. Mkulima hahitaji kuwa mhandisi. Anaitafuta alama, na akiwa na shaka anadai jiwe la kilo linalojulikana liwekwe juu, kila mtu aone. Mnada nao ulikuwa na utaratibu wake wa kuonekana: zabuni ziliingia kwenye sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, na kama bei haikuwaridhisha walikataa kuuza. Nyakati nyingine walikataa kwa kelele. Ilikuwa haki yao.

Sasa mizani ya kidijitali imeingia kwenye AMCOS, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na wakulima walifurahi kwa haki kabisa. Mfumo huo una faida ambazo sanduku halikuwa nazo. Mnunuzi aliye mbali anashindana na aliyepo, na wakulima waliokusanyika wanaziona bei zikitokea kwenye skrini. Sina sababu ya kuushuku, na siandiki haya kwa kuushuku. Naandika kwa sababu tulikuwa taifa lililokubaliana kwamba hata mizani ya mtu mwaminifu lazima ikaguliwe na aliye nje, na sasa kipimo kimehamia ndani ya programu bila makubaliano yale kuhama nacho. Katika mizani ya kidijitali anayeamua kilo ni msimbo. Kwenye mnada, anayepanga zabuni ni msimbo. Ni nani wa nje, mwenye ujuzi na asiye na maslahi, anayeusoma?

Wenzetu duniani wameshaanza kujibu. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lilitoa mwaka 2008 mwongozo maalumu kuhusu programu za vyombo vya kupimia: zitambulike kwa toleo, zilindwe zisibadilishwe kimyakimya, na mkaguzi aweze kuthibitisha kwamba iliyomo ndiyo iliyokaguliwa. Hapo pana mwanzo mzuri wa kazi kwa Wakala wetu.

Uingereza ililipa gharama kubwa kulijifunza jambo hili. Kuanzia 1999 Posta ya huko iliweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mawakala wa posta, wengi wao wenye maduka madogo vijijini, wakaanza kuona upungufu wa fedha wasioujua ulikotoka. Posta iliamini kompyuta. Mahakama nazo ziliamini kompyuta, kwa kuwa sheria ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi itakapoonyeshwa vinginevyo, na wakala asiyeruhusiwa kuona ndani angeonyesha nini? Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua. Wakala mmoja, Alan Bates, aliongoza kundi la watu 555 kwenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuzaa upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kuzifuta hukumu kwa mkupuo.

Nikiisoma habari hiyo nawaona makarani wa AMCOS zetu na mawakala wa pesa za simu pale sokoni. Ni watu wale wale: wamekaa kati ya mfumo usiosomeka na umati wenye madai. Siku hesabu ya skrini ikipishana na hesabu ya daftari, nani ataaminiwa? Kusini mwa Tanzania karani wa ushirika hushukiwa kabla hajafungua mdomo. Programu ikikosea, atakayezomewa ni yeye.

Kwa bahati nzuri hatuhitaji kwenda mbali kuiona njia nyingine, ipo Ligula. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kama zahanati zote nchini, inajaza vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA, na takwimu zake huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. DHIS2 ni programu huru. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipoanguka na wahudumu wa afya wa wilayani wakahitaji takwimu zao wenyewe za kufanyia uamuzi. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoratibu kazi yake leo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakiitohoa na kuijenga kwa mahitaji ya Tanzania kwa miaka. Wizara haikuomba ruhusa ya mtu kuiunganisha na MTUHA. Janga la korona lilipoanza, Januari 2020, Sri Lanka ilitengeneza juu yake mfumo wa kufuatilia wasafiri na wagonjwa. Nchi nyingi zikauchukua, na manispaa za Norwei zikautumia pia. Kazi iliyofanyika Colombo ilirudi kuwahudumia watu wa nchi inayoiratibu programu yenyewe. Muuguzi anayejaza MTUHA hajui lolote kuhusu leseni hiyo, wala halazimiki kujua. Analindwa nayo.

Kuna kisa kingine cha kwetu kinachonipa fahari na huzuni kwa pamoja. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, menyu zake zote, bila malipo kwa yeyote. Vijana wa Dar es Salaam walifanya kazi hiyo kwa kuwa leseni iliwapa haki. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo ihesabu kama Waswahili ni soko linalolipa. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe iligawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Jina la Jambo, ukilitaja leo kwenye steshenari za Chikongola, linawapita watu masikioni. Haki ilibaki pale pale, wazi kwa kila mtu, lakini mradi uliisha, fedha zikaisha, na wale waliojua kazi wakaenda kwenye kazi nyingine. DHIS2 imedumu kwa sababu ina watu wanaolipwa kuitunza na mafunzo yasiyokoma. Tofauti hiyo inanifikirisha kuliko leseni yoyote. Ruhusa ya kufungua isipokuwa na fundi wa kufungua inabaki karatasi.

Na mafundi tunao. Ndio hao vibandani.

Kuna jambo la haraka linalowahusu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za steshenari zetu ni za mtumba, zilizokwisha fanya kazi Ulaya au Dubai, na Windows 11 inazikataa kwa kukosa chipu ya usalama inayotakiwa. Mashine hizo ni nzima. Kioo kizuri, kibodi nzuri, hesabu inapigwa. Mtu aliye mbali ndiye aliyeziambia zimezeeka. Ni mahali pazuri kabisa pa kuanzia: mashine moja ya steshenari, ile ya kuchapa barua na wasifu wa kazi, iwekwe Linux na LibreOffice, ifanye kazi mwezi mzima pembeni ya nyingine. Kuzoea kutachukua siku kadhaa, na mafaili mengine yenye mpangilio mgumu yatasogea kidogo yakifunguliwa. Nawaambia hilo mapema ili lisiwakatishe tamaa. Lakini kirusi cha shotikati hakitawasumbua humo, hakuna cha kuvunja, na kijana anayetaka kujua ndani mna nini ataangalia.

VETA Mtwara wanafundisha umeme, magari, ushonaji. Nawaomba wawaite mafundi simu wa mjini, hata kwa kozi fupi za jioni, wakae darasani na wanachokijua, wafundishwe kuandika na kurekebisha programu kwa njia halali. Wengi watawazidi walimu katika wiki ya kwanza. Manispaa ya Mtwara Mikindani, inapotangaza zabuni ya mfumo wowote wa kukusanya ushuru au wa kuendesha zahanati, iweke sharti kwamba msimbo ukabidhiwe kwa Manispaa na uweze kurekebishwa na mtu mwingine iwapo kampuni itaondoka. Gharama ya sharti hilo siku ya zabuni ni ndogo. Siku kampuni ikishaondoka, hakuna wa kulidai.

Na wewe msomaji mwenye mikorosho: AMCOS yako ina mkutano mkuu wa wanachama, na mwanachama yeyote ana haki ya kusimama na kusema. Simama. Uliza programu iliyomo kwenye mizani ni toleo gani, nani aliikagua mara ya mwisho, na kama skrini na daftari vikipishana kitaaminiwa kipi. Uliza kwa upole, maana karani aliyekaa mbele yako huenda naye hajawahi kuambiwa. Kisha omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.